Ulanzi wa Julai

Tarehe 31 Julai 1953, saa tisa alasiri, wazee watatu wenye akili zao timamu walikaa uani, kijiji kimoja jirani na Tosamaganga. Kila mmoja kajifunika blanketi, na ndani ya blanketi kakumbatia kipande cha mwanzi kama mama mwenye kichanga.

Mmoja wao alikuwa katekista.

Hakuna aliyekuwa mgonjwa. Hakuna aliyekuwa amelewa, walau kwa wakati huo. Walikuwa wanasubiri ulanzi uyeyuke, na jua lingezama haujayeyuka, mimi ninayewaandikia hapa nisingezaliwa.

Kaeni vizuri. Kisa hiki kanisimulia babu mwenyewe akiwa jikoni anamenya vitunguu. Na babu yangu akishika kitunguu hatungi, machozi yanamtosha.

Babu anaitwa Kasian Kalinga. Enzi hizo alikuwa kijana wa darasa la nne, mwandiko kama umechapwa kwa mashine, na kazi yake ilikuwa upishi kwa memsahibu mmoja mjane mwenye shamba la chai huko Mufindi.

Upishi ndio uliomponza.

Julai ya mwaka 1952 alikwenda na mshenga wake kuposa kwa Mzee Bartholomeo. Binti aliyemtaka aliitwa Rozalia. Mzee akamsikiliza kwa heshima zote, akauliza anafanya kazi gani. Kasian akajibu anapika.

Mzee akauliza tena, labda hakusikia vizuri. Mwanamume mzima, Mhehe, anavaa aproni?

Kasian akakiri kwamba anazo mbili.

Mdogo wake mzee, Jailos, mtu ambaye hata msibani hakosi la kusema, akainama kuficha meno. Ndipo mzee akatamka.

"Siku utakayoniletea ulanzi mwezi wa Julai, njoo umchukue."

Watu wakaangua kicheko.

Kwa msiotoka Iringa niwafafanulie. Ulanzi ni pombe inayogemwa kwenye mianzi michanga wakati wa mvua. Masika ikishakwisha, mwanzi umefunga duka. Ukiutaka ulanzi Julai, mwezi wa kipupwe na upepo wa kukata masikio, utaambiwa urudi Desemba. Kwa kifupi mzee alisema hapana, ila aliisema kwa maua.

Mshenga akaokota kofia yake. Kasian hakunyanyuka.

"Samahani, baba. Ni Julai hii au Julai yoyote?"

Mzee akamwangalia kama unavyomwangalia mbuzi aliyeuliza njia ya kwenda Mbeya. "Julai yoyote, mwanangu."

"Mimi shahidi," Jailos akadakia, akicheka mpaka anakohoa.

Rozalia alimsindikiza mpaka kwenye mti wa mfyulisi, mahali heshima ya msichana ilipokomea. Hakulia wala hakumpa pole. Alimwambia kitu kimoja tu, ashike neno "yoyote" na asilidondoshe njiani.

*

Novemba hiyo memsahibu akaletewa friza.

Lilikuwa jeupe, refu, lenye mfuniko wa juu. Vibarua wanane walilishusha kwenye lori taratibu, wakaliingiza ndani kwa hatua za adabu, na mmoja akavua kofia. Walidhani bwana wa zamani kaletwa kuzikwa upya.

Umeme wake ulitoka kwenye mashine ya kiwanda cha chai. Na memsahibu alikuwa na mpango wake. Kila kipupwe umande ulikuwa unaganda usiku na kuua bustani yake yote, akabaki kula vya kopo miezi mitatu. Safari hii kaapa.

"Kasian, kipupwe hii hapana kopo. Kula ya shamba tu."

Basi mvua zote wakawa wanajaza. Njegere, mahindi mabichi, maboga, kuku, samaki wa mtoni, hata mkate. Kila kitu kilibandikwa karatasi yenye jina na mwezi, na mwandishi alikuwa Kasian. Kila mwisho wa mwezi memsahibu alikuwa anaitoa ile shehena na kuipanga upya kwa mkono wake, maana alipenda mpango kuliko alivyopenda watu.

Februari wakatoa njegere za Desemba. Kasian akaziangalia. Kijani kile kile. Akatafuna moja. Utamu ule ule.

Akasimama na punje ya pili kati ya vidole, muda mrefu mpaka memsahibu akauliza kama ina mdudu.

Haikuwa na mdudu. Ilikuwa na mke.

Kwamba kama njegere ya Desemba inaweza kulala mpaka Februari bila kuzeeka, ulanzi wa Machi unakosa nini kulala mpaka Julai?

Jaribio la kwanza akautia kwenye chupa. Chupa ikapasuka, na kuku watatu wa memsahibu wakanuka kilabu. Jaribio la pili akatumia vipande vya mwanzi, akaacha nafasi juu, akaziba kwa gunzi na nta. Vikatulia. Akaweka vitatu, kona ya chini kulia, na kila memsahibu alipopanga upya, yeye alivirudisha pale pale.

Ikabaki karatasi. Aandike nini? Akiandika ulanzi, kazi hana. Akiandika uji, memsahibu ataonja. Akawaza kitu ambacho memsahibu hatakionja mpaka Yesu arudi.

Akaandika: SUPU YA MBWA.

Memsahibu alikuwa na mbwa wawili wakubwa kama ndama, na Kasian alikuwa kweli anawachemshia vichwa na miguu ya kuku. Memsahibu alipoiona ile mianzi akafurahi mno. Akaagiza kuanzia siku hiyo supu ya mbwa yote ihifadhiwe hivyo hivyo. Friza likajaa mianzi ya supu ya mbwa, sura moja, karatasi moja. Ulanzi ukawa umejificha katikati ya watu wa aina yake.

Kasian alijiona ana akili sana.

*

Julai 1953 ikaingia na habari mbaya. Rozalia alituma ujumbe kwamba kuna karani kutoka Mbeya anaitwa Edmund, ana baiskeli, ana tai, na watu wake wanakuja na mchele wa Usangu Jumamosi, tarehe mosi Agosti. Baba hajasema hapana. Safari hii hata maua hajayatafuta.

Kasian akaomba ruhusa. Akapewa kuanzia Alhamisi tarehe thelathini mpaka Jumapili. Alfajiri akainama kwenye lile friza, akapeleka mkono gizani kona ya chini kulia, akachomoa vipande vitatu.

Usafiri ulikuwa lori la mbao la Halfani, Mswahili wa Iringa mjini ambaye babu yake alitoka pwani, na yeye hajaiona pwani hata kwenye kalenda. Lori lilikuwa limetoka kiwanda kimoja cha mbao pale Mafinga, na nyuma kulikuwa na magunia ya unga wa mbao. Kasian akaomba gunia moja afukie mizigo yake, ibaki na baridi.

Halfani akakitazama kile kimwanzi kwa jicho la pembeni. "Bwana mdogo, pombe sibebi. Humo mna nini?"

"Supu, Mzee Halfani."

"Supu gani inatembea kwenye mwanzi?"

"Ya mbwa. Soma hapo."

Halfani akasoma. Akasoma tena. Akacheka mpaka akaegemea tairi, akasema kapakia kila kitu katika maisha yake, hata maiti, lakini mbwa anayepelekewa supu maili hamsini huyo angependa amwone na amwamkie.

Kasian akacheka naye, akijisifu moyoni kwa uongo uliokaa vizuri.

Shikeni hapo. Tutarudi.

Ifunda spring ya lori ikakatika. Wakakaa hapo Alhamisi nzima. Kasian kila baada ya muda anatia mkono guniani, anapapasa, anauomba ubaridi usimkimbie. Ijumaa asubuhi fundi akapatikana, na Halfani akaendesha kama anafukuzwa, maana alitaka aiwahi sala ya Ijumaa mjini. Adhuhuri ikiwa bado, akamshusha Kasian njia panda ya Tosamaganga, akamwambia amsalimie huyo mbwa.

Kasian akajitwisha gunia, akaingia kijijini saa nane mchana.

"Kamwene."

"Kamwene," wakamjibu. Kisha wakaona gunia.

*

Wakati anafukua unga wa mbao, ua wote ulikuwa umejaa. Mzee Bartholomeo alikuwepo, Jailos yupo, na Katekista Yohane, aliyepita tu kuuliza habari za michango ya kanisa, akaona michango isubiri.

Kasian akapiga goti. "Baba, leo ni Julai. Nimeleta ulanzi."

Mzee akakishika kimoja. Akakiachia haraka, akaangalia vidole vyake kama vimeungua. Akakishika tena, safari hii kwa ncha ya blanketi. Akakitikisa karibu na sikio.

Kimya.

"Ulanzi ukitikiswa unaitika," mzee akasema. "Hiki hakiitiki."

Kasian akaeleza kuwa umeganda. Atauyeyusha.

Mzee akauliza umepatwa na nini mpaka ugande. Kasian akaanza habari za friza na mashine ya chai, na kadiri alivyoeleza ndivyo Katekista Yohane alivyozidi kujipigia msalaba. Jailos akakata shauri. Alikuwa shahidi mwaka jana na leo ni shahidi. Mzee alisema ulanzi. Ulanzi unanywewa, hautafunwi. Ukinyweka kabla jua halijazama, kijana kashinda. Jua likizama, Julai imekwenda, na kesho ni ya Edmund.

Hapo sasa kimeumana. Maana baridi iliyomlinda Kasian njia nzima ndiyo hiyo hiyo iliyomgeuka. Upepo wa Julai unakwangua. Anga limefunga. Ile mianzi imewekwa juani, jua lenyewe linatafuta pa kujificha.

Saa nane na nusu, jiwe. Saa tisa kasoro, jiwe.

Kasian akaomba asogeze motoni. Mzee akakataa katakata. Ulanzi uliopashwa moto yeye haujui, hajawahi kuuona, na hataanza leo.

Ndipo Rozalia akatoka jikoni, mikono ina unga, hakumtazama mtu usoni.

"Kuku hachemshi mayai, baba. Anayakalia."

Jailos akapiga paja. Alisema huyo ndiye mtoto pekee ukoo huu uliozaa mwenye kichwa.

Na hivyo ndivyo wazee watatu walivyojikuta na kimwanzi kila mmoja. Kasian hakuruhusiwa kushika, asije akafanya kiini macho. Mzee Bartholomeo alichukua kikubwa, Jailos kikamwangukia cha kati, na katekista akapewa kidogo baada ya kukataa mara mbili kwa midomo huku mikono imeshanyooshwa.

"Wa kwangu ameanza kunyonya," Jailos akasema baada ya muda, meno yakigongana.

Katekista Yohane akawaomba wamwangalizie njiani. Padri akipita amkute amekumbatia pombe kifuani, ataanza maelezo na wapi?

Kasian alikuwa anaangalia jua, anaangalia kifua cha baba mkwe, anaangalia jua. Saa kumi. Saa kumi na moja. Jua likagusa mgongo wa kilima.

Ndani ya blanketi la mzee kukasikika: chubwi.



Mzee akatoa mwanzi, akang'oa gunzi. Kasian akanyoosha mikono apokee, kwa sababu mleta pombe ndiye huonja kwanza, ionekane haina sumu. Mikono ilikuwa inatetemeka vibaya.

Mzee akamzuia. Leo anayeonja ni anayehukumu.

Akainua. Akanywa funda moja.

Akasita.

Akachungulia ndani ya mwanzi kwa jicho moja. Akamtazama Kasian, na ile mikono ambayo bado iko hewani. Akamtazama Rozalia mlangoni. Akalitazama jua, limebaki kipande kama ukucha.

Akainua tena, akanywa kilichoyeyuka chote, mpaka barafu ikamgonga meno. Akafuta midomo kwa kiganja. Rozalia alikuja kusema baadaye kwamba midomo ya baba siku ile iling'aa kama ya mtu aliyetoka harusini.

"Ni ulanzi," mzee akasema.

Halafu akaongeza, polepole, "Ulanzi halisi."

Jailos akapiga yowe, kidole kishafika kwenye gunzi la kwake.

"Jailos, usifungue."

"Kaka?"

"Nimesema usifungue. Ameletewa nani? Nimeletewa mimi. Yohane, na wewe lete hapa."

Akavikusanya vyote vitatu, akaingia navyo ndani, akafunga mlango kwa komeo. Wazee wawili wakabaki uani na vifua vilivyolowa, wamekaa na baridi masaa mawili, hata tone hawakuonjeshwa.

Jina la Mchoyo likamganda Mzee Bartholomeo siku ile ile.

*

Kesho yake watu wa Edmund walifika na mchele wao, wakaambiwa binti ameshapata mwenyewe. Mzee hakuwepo kuwaambia. Alfajiri alikuwa ameshaondoka kwa miguu kwenda misheni kuungama. Katekista aliripoti kuwa alikaa kwenye kitubio muda wa kutosha kuchemsha maharage. Kijiji kikakubaliana kwamba dhambi ni ule uchoyo, na wengine wakaona Padri kamwachia kirahisi.

Babu yeye Jumapili mchana akarudi Mufindi akiimba.

Langoni akakutana na mbwa wa kwanza. Kaegemea nguzo. Si kwamba anajikuna, kaegemea, kama mtu anayesubiri basi. Babu akampigia mluzi. Mbwa akainua mguu mmoja, akafikiri, akaanguka.

Wa pili alikuwa kwenye maua ya memsahibu, kalala chali, anabweka mawingu.

Memsahibu akatoka mbio kashika kichwa. "Kasian, mbwa gonjwa. Tangu jana. Mimi napa supu yake tu, ile ya mianzi."

Babu akauliza, kwa sauti ndogo, aliitoa sehemu gani.

Ya juu kushoto. Jumatano usiku amepanga friza yote upya, alisema memsahibu. Ya zamani juu, ya mpya chini.

Babu alikaa pale pale kwenye ngazi. Kama ulanzi wa Machi umenywewa na mbwa, basi kule Tosamaganga, siku ya Ijumaa ambayo Mkatoliki hagusi nyama, mbele ya katekista, baba mkwe wake alikunywa nini?

Sasa mrudieni Halfani. Babu alijua amemdanganya yule mzee. Kumbe ndiyo siku aliyosema kweli tupu.

*

Hakusema. Ungekuwa wewe ungesema?

Alijipa moyo kwamba labda mzee hakutambua, baridi iliua ladha. Wakafunga ndoa Oktoba. Lakini kila Julai ilipoingia babu alikuwa anakonda. Kila mzee alipokohoa kabla ya kusema jambo, babu alikuwa anajiandaa kurudisha mke. Na kila sherehe Jailos alikuwa anamzomea kaka yake mbele ya watu, Mchoyo huyo, alikunywa mianzi mitatu peke yake. Mzee anatabasamu tu, hajitetei.

Miaka sita.

Mwaka 1959 mzee akaugua kifua. Rozalia akamleta kwake, na babu akaingia jikoni. Akavaa aproni, mzee akaiona na hakusema kitu. Akachinja jogoo, akampikia supu, akampelekea kitandani.

Mzee akanywa funda moja. Akasita. Akachungulia bakuli kwa jicho moja.



"Hii nzuri," mzee akasema. "Ile ya Julai ilipungua chumvi."

Babu akakosa pa kushika. Bakuli lenyewe lilikuwa mkononi mwa mzee.

"Baba, ulijua?"

"Nina ulimi, Kasian."

"Mbona ulisema ni ulanzi?"

Mzee akanywa tena kabla ya kujibu. Alisema aliangalia ile mikono, akajua kijana huyu hajui alichobeba. Mdanganyifu hatetemeki hivyo. Halafu akaangalia jua, akaona hakuna muda wa kuulizana. Na akiwaachia Jailos na katekista waonje, ndoa imekufa, na wao wamekula nyama Ijumaa. Heri aitwe mchoyo. Usiku akaimwaga yote nyuma ya nyumba.

"Na mimi nilishaimeza," mzee akamalizia. "Dhambi nimeshaifanya. Niifanye bure, hata mkwe nisipate?"

Walicheka mpaka Rozalia akaja kuuliza nani kapona.

Kuna kitu kimoja tu babu hakumwambia mzee yule, siku hiyo wala siku nyingine, mpaka wanamzika. Chumvi haikupungua. Haikuwekwa kabisa.

Mbwa hawatiliwi chumvi.

Basi ndugu msomaji, funzo ni mawili. La kwanza, ukiona mtu anaitwa mchoyo na hajitetei, usimcheke haraka. Pengine kuna aibu yako kaifungia ndani kwa komeo. La pili ni la wenye mafriza: andikeni kilichomo. Mimi kwenye langu nimebandika jina kila kitu, na bado shemeji yenu kabla hajanywa supu yangu huwa anauliza ni ya nani.